Ukurasa wa Mwisho wa Namba Kumi na Nne

Wiki iliyopita mliniacha chini ya kitanda namba tatu cha zahanati ya shule, wembe mkononi, mlango ukigongwa. Nawashukuru mlioniombea. Sikufa. Mkimaliza kusoma ya leo, wengine wenu mtaona ingekuwa heri.

Kwa aliyejiunga nasi leo nitaeleza upesi.

Shule yetu ni ya bweni, wavulana watupu, na ina ugonjwa ambao hakuna kitabu cha tiba kilichowahi kuutaja. Mgonjwa hushika kichwa katikati ya kipindi cha hesabu. Huomba ruhusa kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Hufika zahanati, hulazwa, na akishalazwa tu hupona ghafla.

Sababu ni kabati la muuguzi. Ndani yake mna vitabu vya mapenzi vya mfululizo, vyembamba, mgongo mwekundu, namba nyeupe, moja mpaka kumi na tatu. Havitoki nje ya zahanati. Anayetaka kusoma sharti augue. Ugonjwa mmoja, kitabu kimoja.

Muuguzi huyo shule nzima inamwita Sista. Mimi, nje ya geti, namwita Mamdogo, kwa kuwa ni mdogo wa mama yangu, tumbo moja. Siri hiyo shuleni tunaijua wawili tu. Siku yangu ya kwanza hapa alininong'oneza, "Ukiniita Mamdogo mbele ya watu, nitakuchoma sindano mpaka usahau jina lako." Nikaapa.

Mimi wananiita Plasta. Vitabu vile vimesomwa mpaka vikachoka, na anayevitibu ni mimi, kwa ile plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Hakuna shuleni mtu anayeikata kwa unyoofu kama mimi. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo. Litaniua baadaye.

Namba kumi na nne ililetwa na posta, imefungwa kwa karatasi ya kaki, kutoka kwa daktari wa meno. Huyu huja kila muhula kutung'oa, nasi tunamwita Koleo. Ni mtu mpole, ana miaka arobaini na kitu, soksi zake hazijawahi kufanana. Akimaliza meno hunywa chai kwa Sista, vikombe viwili, na hata mwanafunzi mjinga kuliko wote alijua kwamba kiu ya namna ile si ya chai.

Sista alikuwa likizo ya siku tatu. Kifurushi nikakipokea mimi, nikakifungua mimi, nikakisoma mimi. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo. Hiyo sikuigusa. Mimi nina heshima zangu, barua za watu sifungui.

Kisha nikapatwa na wazo.

Katika ukurasa wa mwisho wa kweli, rubani anashuka kwenye ndege na kumkimbilia mwalimu wa muziki aliyemngoja miaka miwili. Nikaukata kwa wembe. Nikabandika wa kwangu, niliouchapa chumba cha kompyuta kwa herufi zilezile, nikaukandamiza kwa mizani ya kupimia wagonjwa mpaka gundi ikashika. Katika wa kwangu, rubani anashuka kwenye ndege na mke wake na watoto watatu, na yule mdogo analamba askrimu.

Mlengwa alikuwa Tingatinga, kiranja wa bweni letu, jitu la mabega mawili ya watu wanne, ambaye hulia kwenye kila kitabu na kusema ni mafua. Nilitaka alie vizuri mara moja, halafu nirudishe ukurasa wa kweli, tucheke.

Sista alirudi siku moja kabla. Ndiye aliyekuwa akigonga mlango.

Nikauviringisha ukurasa wa kweli hata bila kuutazama, nikauzamisha soksini; kitabu na bahasha nikavirudisha ndani ya kaki yake, mezani kwa Sista. Baadaye nikauficha bwenini, ndani ya mguu wa kitanda changu, maana vitanda vyetu ni vya bomba, na kila mguu una kifuniko cha mpira.

Hayo yalikuwa majuma mawili yaliyopita. Sasa sikilizeni ya leo.

*

Tangu Sista asome namba kumi na nne, zahanati iligeuka. Kabati likatiwa kufuli. Anayeumwa kichwa akapewa kidonge na kurudishwa darasani. Wagonjwa kumi na mmoja walipona kwa siku moja. Mkuu wa shule alitangaza habari hiyo gwarideni kwa fahari.

Nilidhani Sista amekinunia kitabu tu. Mpaka jana, ilipofika barua ya mama.

Mama yangu ni fundi cherehani. Hupima maneno yake kama kitambaa, hataki kibaki kipande. Barua yote ilikuwa hii: "Mama yako mdogo amepiga simu. Amesema nisikate. Nimeshakata. Uko naye huko, niambie kuna nini."

Nikaisoma mara tatu. Kitambaa ninakijua. Ni kile cha rangi ya maziwa, kilichokaa miaka sita juu ya kabati la mama ndani ya shuka kuukuu, kikingoja harusi ya Mamdogo, na sisi watoto tulikatazwa hata kukipigia chafya.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Sista. Alikuwa akichemsha vyombo, kwa sababu leo ni siku ya meno.

"Mamdogo," nikasema, baada ya kufunga mlango.

"Sista," akanirekebisha bila kuinua macho.

"Mama anauliza kuna nini."

"Mwambie hakuna kitu."

"Anasema ameshakata."

Hapo mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Amekata?"

"Amekata."

"Dada yangu na mkasi wake." Akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani. "Basi ashone mapazia."

"Daktari amekukosea?"

"Hajanikosea. Ameniambia ukweli, na si wengi wanaousema." Akachomoa kutoka mfukoni bahasha ndogo. Niliitambua. "Si wewe ndiye mtu wa vitabu? Soma."

Kikaratasi kilikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mdogo, uliolala upande. "Kisome mpaka mwisho. Mwisho wake ndio maneno yangu kwako."

"Nikasoma mpaka mwisho," Mamdogo akasema. "Ana mke. Ana watoto watatu. Angeweza kuniambia kwa mdomo, lakini labda aliona haya."

Ndugu msomaji, kama umewahi kukanyaga ngazi gizani ukidhani ipo moja zaidi, kumbe haipo, basi unajua nilikuwa nimekanyaga wapi.

"Labda... labda ni hadithi tu," nikasema.

"Ni hadithi. Ndiyo maana imeniuma." Akafunika sufuria. "Nina miaka thelathini na sita. Wenzangu wote walikwishachoka kuniambia nisubiri. Wakaanza kuniambia nisichague. Wewe unafikiri kwa nini naagiza vitabu hivi? Kwa ajili ya marubani? Namba moja mpaka kumi na tatu, kila kimoja kiliniambia, kaa, anakuja. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniangusha. Huo ndio uliokuwa utamu wake. Unaogopa katikati, unalia katikati, lakini unajua mwisho uko palepale unakungoja kama mlango wa kwenu." Akanifuta vumbi begani, kama anavyofanya nyumbani. "Sasa hata vyenyewe vimegeuka. Haya, toka, kapange viti."

Nilifungua mdomo kusema. Naapa nilifungua.

Lakini ofisini kwa Mkuu kuna barua ya onyo la mwisho, yenye sahihi yangu, niliyoiweka baada ya ule mkasa wa saa ya bwalo mliousoma mwezi uliopita. Inasema: kosa moja tena, mzazi aje na usafiri. Kukata kitabu cha watu ni kosa. Kufungua kifurushi cha mtumishi ni kosa. Nikamwona mama yangu getini, amesimama na futi yake ya kupimia shingoni, hasemi neno. Mama akigomba naweza kukaa. Akinyamaza ndipo natafuta pa kujificha.

Nikafunga mdomo, nikaenda kupanga viti.

*

Saa nne Koleo akafika. Kiti chake cha kung'olea huwekwa barazani kwenye mwanga, kikilitazama dirisha la ofisi ya Sista. Pembeni yake huwekwa sanduku la chuma la vyombo. Sanduku hilo lina komeo linalosema *ka* likifunguliwa na *ka* likifungwa, na sisi wa foleni huziogopa zote mbili.

Kwa kawaida Sista husimama kando yake na sinia. Leo alimtuma mpishi akasimame. Yeye akabaki chumba cha nyuma na masufuria yake.

Koleo hakuuliza. Alitazama dirisha lile. Akang'oa jino. Akatazama dirisha. Akang'oa jingine.

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na ndoo ya maji, nikisubiri zamu, Mkuu alipokuja kumsalimu.

"Daktari, nasikia unatuacha."

"Nimepata kituo kingine, Mkuu. Mbali sana. Wanataka niwajibu leo mchana."

"Nami nilidhani umeshapata sababu ya kubaki." Mkuu akakohoa kidogo, kama watu wazima wanavyokohoa wakitaka kuchungulia.

"Nami nilidhani. Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Dirisha hilo ndilo jibu lake. Lipo tupu."

"Sijakuelewa."

"Ni mambo ya kitoto, utanicheka. Nilimtumia kitabu, vile anavyovipenda, nikaandika ombi langu nyuma ya ukurasa wa mwisho. Ningesema kwa mdomo, lakini mimi midomo ya watu naiweza, wa kwangu siuwezi." Akavaa glavu mpya. "Namaliza hawa, nafunga sanduku, naondoka."

Ndoo ikanitoka mkononi. Wote wawili wakageuka.

"Wewe namba ngapi?" Koleo akauliza.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Usiende mbali. Niko kumi na mbili."

Nyuma ya ukurasa! Nimeukata, nimeuviringisha, nimeutia soksini, nimeulaza mguuni mwa kitanda majuma mawili, na sikuugeuza. Mwizi wa ajabu mimi. Nimeiba nyumba ya mtu nikidhani ni mlango tu.

*

Nilikimbia mpaka bwenini. Nikapiga magoti, nikainua mguu wa kitanda.

"Usinitaje," ikasema sauti kutoka chini ya kitanda changu.

Nusura nife. "Nani?"

"Nimekufa. Akiniita Koleo, mwambie nimekufa tangu jana."

Alikuwa Tingatinga. Kiranja aliyewahi kumbeba fahali wa shamba la shule, au ndivyo anavyosimulia, amejikunja chini ya kitanda na shavu lake limevimba.

Sikuwa na nafasi ya kumcheka. Nikavuta kifuniko cha mpira, nikaingiza vidole viwili, nikatoa ukurasa. Nikaugeuza.

Mwandiko mdogo, uliolala upande. "Mimi si rubani, na kimo changu unakijua. Lakini kila muhula nikishuka kwenye gari hapo getini, moyo wangu hushuka kwanza. Nikubalie niwe mume wako. Kama ni ndiyo, siku ya meno weka kitabu hiki dirishani kwako, namba ikitazama nje. Kama ni hapana, usiweke kitu, nami sitakusumbua tena."

"Ni nini hicho?" Tingatinga akauliza. Akatoa kichwa kama kobe. Akaona upande wa mbele. Akasoma mistari miwili ya rubani, na macho yake yakawa makubwa. "Huu ni wa kumi na nne! Mwisho wa kumi na nne! Kwa nini uko mguuni mwa kitanda?"

Nikamwambia yote. Nilianza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, nilikuwa nimeinuliwa kwa kola ya shati.

"Plasta, wewe ni mnyama."

"Nilitaka kukuliza wewe tu, kiranja."

"Kuniliza!" Akaniangusha. Akakaa kitandani, kitanda kikalalamika. "Unajua kwa nini navisoma vile vitabu?"

"Mafua."

"Nyamaza. Kwetu nyumbani hakuna mtu aliyewahi kumwomba mwenziwe msamaha. Baba akikosa, anaongeza sauti ya redio. Mama akikosa, anafagia uani mpaka ardhi inachubuka. Mimi na kaka yangu hatujasemezana mwaka wa pili sasa, na hakuna anayekumbuka ilikuwaje. Basi mle vitabuni, ukurasa wa mwisho, lazima mmoja aseme nisamehe. Hana pa kukwepa. Kurasa zimemwishia. Mimi nasoma kurasa mia moja na sitini za upuuzi nikingoja neno hilo moja." Akajipangusa pua kwa mkono. "Wewe ukakata palepale."



"Nenda kamwambie," akasema.

"Nitafukuzwa."

"Ndiyo. Utafukuzwa."

"Unasema hivyohivyo tu?"

"Ulitaka niseme nini? Nenda, atakuwa ameshafika kumi na tano huyo."

*

Nilirudi nimekata shauri la kusema. Andikeni hilo mahali, lije linitetee. Ukurasa ulikuwa soksini, maneno yalikuwa kinywani, nimeyapanga kama ubeti.

Nikaingia ofisini kwa Sista. Hayupo. Chumba cha nyuma nikasikia vyombo vikigongana. Hatua sita tu mpaka mlango wake.

Lakini juu ya meza yangu ya kutibia vitabu kulikuwa na namba nne, mgonjwa wangu wa mwisho, kilichobaki nje kabati lilipofungwa. Kando yake, mkasi. Kando ya mkasi, plasta.

Namba nne. Nyeupe juu ya nyekundu. Inakosa kijiti kimoja tu mbele yake kuwa namba nyingine.

Hamkunilea nyinyi, kwa hiyo msishangae. Nilifikiri hivi: Sista anampenda Koleo, Koleo anampenda Sista. Nikiweka kitabu dirishani, Koleo ataona, atabaki, watakunywa chai, mama atashona. Hakuna atakayeuliza kitu. Nitakuwa nimerudisha kila kitu mahali pake bila kufukuzwa na mtu.

Nikakata kijiti cha plasta. Kilinyooka kama mstari wa rula. Nikakibandika mbele ya ile nne, nikakiweka kitabu dirishani, namba ikitazama nje, nikatoka kwa ncha za vidole.

"Kumi na tisa!" Koleo akaita.

Nikakaa. Akanilaza kichwa, akanifungua taya, akaingiza kioo chake kidogo. "Hili la nyuma limeoza. Litatoka." Akachoma sindano ya ganzi, akangoja, akashika koleo, akalikamata jino langu barabara.

Kisha, kwa mazoea, akatazama dirisha.

Koleo likasimama. Halafu likaanza kutetemeka, nalo liko kinywani mwangu, na jino langu liko ndani yake, na mimi niko nyuma ya jino.

"Kijana," akasema kwa sauti ndogo sana. "Kile kitabu dirishani. Nilipofika hakikuwapo."

Nikatikisa kichwa: hakikuwapo.

"Amekiweka Sista?"

Hapo ndipo mlango wangu wa mwisho ulipokuwa. Ungeniona, msomaji, mdomo wazi, mate yakinitiririka, macho juu. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Sista.

Akavuta. Sikusikia hata maumivu. Jino likatoka, akalitupa bila kulitazama, likaniangukia mapajani. Akanisukumia pamba kinywani, akavua glavu moja, nyingine akaisahau mkononi.

"Sista!" akaita. Mpishi akashusha sinia. Mkuu, aliyekuwa ameanza kuondoka, akarudi hatua tatu. Na nyuma ya nguzo nikaona mabega mawili ya watu wanne. Tingatinga alikuwa ametoka mafichoni.

Sista akaja mlangoni, anafuta mikono. Uso wake ulikuwa umefungwa kama lile kabati. "Unaniita, Daktari?"

"Nimekiona."

"Umeona nini?"

"Jibu lako." Mtu yule alikuwa anacheka na kulengwalengwa na machozi kwa pamoja. "Nilishaanza kuwaza kufunga sanduku. Asante. Asante sana. Sijui hata nisemeje."

"Jibu la nini?"

"Kitabu, Sista. Namba kumi na nne. Dirishani."

"Namba kumi na nne," Sista akasema polepole, "nimeifungia kabatini. Ufunguo huu hapa."

Akaunyanyua. Ufunguo ukaning'inia hewani.

Akageuka, akakichukua kitabu dirishani. Akakitazama mgongoni. Akaweka ukucha pale mbele ya nne, akabandua. Kijiti cha plasta kikatoka kizima, kimenyooka, kikamkaa kidoleni.

Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Kwa hiyo si wewe uliyekiweka," Koleo akasema. Kicheko kilikuwa bado usoni, hakijaambiwa kiondoke. "Basi... ni mzaha wa watoto. Samahani, Sista. Nimekuaibisha mbele ya watu." Akarudi kwenye vyombo vyake, akaanza kuvikusanya kimoja kimoja, mkono mmoja una glavu, mmoja hauna.

"Nani amefanya hivi?" Mkuu akauliza. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesoma barua yenye sahihi yangu.

Nikamtazama Tingatinga. Hakunionyesha ishara yoyote. Alikuwa anangoja tu, midomo imebana, kama mtu aliyefika ukurasa wa mia moja na sitini.

Nikatema pamba.

"Mamdogo," nikasema.

Foleni ikashtuka kwa mguno mmoja. Mkuu akafungua mdomo. Mamdogo akafumba macho, akayafumbua.

"Mamdogo, nisamehe. Ule ukurasa niliukata mimi. Wa mke na watoto watatu niliuandika mimi. Yeye hana mke. Hana watoto. Na kile kijiti ni changu, na nimemdanganya hapa hapa, na jino langu likiwa mikononi mwake." Damu ilikuwa inanishuka kidevuni, na nusu ya mdomo imekufa ganzi, lakini maneno yalitoka yote. "Nisamehe, Mamdogo. Na wewe Daktari, nisamehe."

"Kijana," Mkuu akasema, "ofisini kwangu. Sasa hivi."

"Dakika moja, Mkuu," Mamdogo akasema, na sikuwahi kumsikia mtumishi akisema vile kwa Mkuu.

Nikainama, nikatoa ukurasa soksini. Ulikuwa umejikunja, una joto la mguu wangu. Nikampa.

Akausoma upande wa mbele, ameushika kwa vidole viwili, midomo ikicheza. Rubani alishuka. Rubani alikimbia. Hakuna mke, hakuna askrimu. Alipofika chini, hakusema amenisamehe.

"Geuza," nikamwambia.

Akanitazama.

"Tafadhali, Mamdogo. Mimi sikugeuza."

Akaugeuza.

Sikuona uso wake, kwa sababu karatasi iliuficha. Niliona vidole tu, na kile kijiti cha plasta bado kimemng'ang'ania kimoja. Nyuma ya nguzo mtu mkubwa alianza kuvuta mafua.

Kisha, nyuma yangu, pale nisipothubutu kugeuka nione kama linafunguliwa au linafungwa, lile sanduku la chuma likasema *ka*.